Asili na Maana ya Jina Kenya: Uchunguzi wa Kihistoria na Kiisimu

1. Utangulizi

Jina la nchi ni miongoni mwa maneno ambayo husemwa kila siku lakini huchunguzwa mara chache. Mwananchi hulikuta limekwisha kuwapo, hulitamka, huliimba na kuliandika juu ya bahasha, asijiulize lilitoka wapi. Akiulizwa, hutoa jibu alilolipata shuleni au barazani. Kuhusu jina Kenya jibu hilo latolewa kwa namna moja karibu kila mahali: mmisionari Mjerumani alifika bara, akausikia mlima ukiitwa Kĩrĩnyaga, ulimi wake ukashindwa, akaandika Kenya. Kwa maelezo haya, jina la taifa zima ni kosa la mgeni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayana msingi wa kutosha, ama katika historia ama katika isimu. Tutatoa hoja tatu. Kwanza, jina Kenya limetokana na umbo halali la Kikamba, na umbo hilo linahusiana na Kĩrĩnyaga kwa kufuata kanuni za sauti zinazoonekana katika maneno mengine mengi. Pili, irabu e iliyomo katika jina hili si alama ya ulimi ulioshindwa, bali ni matokeo ya kuandika irabu saba kwa herufi tano. Tatu, maana ya jina hili inathibitishwa na majina ya mlima huohuo katika lugha jirani, hata zile zisizo za Kibantu.

Jambo hili halihusu usahihi wa tahajia peke yake. Anayesema kwamba Kenya ni kosa la mgeni huwaondoa Wakamba katika historia ya jina ambalo wao ndio waliolitoa.

2. Mlima mmoja, majina mengi

Mlima Kenya una kimo cha mita 5,199, na ni wa pili kwa urefu katika Afrika baada ya Kilimanjaro. Umezungukwa na jamii mbalimbali: Wagikuyu upande wa kusini na magharibi, Waembu kusini-mashariki, Wameru mashariki na kaskazini-mashariki. Wamaasai walilisha mifugo yao katika nyanda za magharibi na kaskazini-magharibi, na Wakamba wanauona kwa mbali kutoka katika vilima vya Ukambani anga inapokuwa safi. Kila jamii imeutazama kutoka upande wake na kuuita kwa lugha yake.

Wagikuyu huuita Kĩrĩnyaga. Wakamba husema Kĩĩnyaa, au kwa ukamilifu Kĩĩma Kĩĩnyaa, yaani kilima kiitwacho Kĩĩnyaa. Kwa Wameru ni Kĩrĩmaara. Wamaasai huuita Ol Doinyo Keri, na wasafiri wa karne ya 19 waliliandika jina hilo kwa namna kama Donyo Egere.

Ni wazi kwamba majina mawili ya kwanza yanafanana. Jina la Kimeru linashirikiana nayo mwanzo wake lakini lina mwisho wa namna nyingine. Jina la Kimaasai halifanani nayo hata kidogo kwa umbo. Mfanano huu na tofauti hizi ndizo zitakazotuongoza.

3. Safari ya mwaka 1849

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kiingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 akaanzisha kituo Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848. Mwaka uliofuata Krapf alishika njia ya Ukambani hadi Kitui, kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima mwingine wenye theluji.

Mambo mawili ya safari hiyo yafaa kutiliwa mkazo. La kwanza ni kwamba Krapf hakufika Ugikuyu. Hakulisikia jina hili kutoka vinywani mwa watu wa mlimani, bali aliambiwa na Wakamba, katika nchi ya Wakamba, kwa lugha ya Wakamba. Kwa hiyo kumlaumu kwamba aliharibu neno Kĩrĩnyaga ni kumlaumu kwa neno ambalo halikuwa msingi wa maandishi yake. Umbo aliloliandika, mara Kegnia mara Kenia, ni jaribio la kuandika Kĩĩnyaa.

La pili ni kwamba Krapf hakuwa mpita njia asiyejua lugha. Mwaka 1850 alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, Kikamba kikiwa mojawapo, na kamusi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882 ingali inatumiwa na wanaochunguza historia ya msamiati wetu. Tunaweza kuikosoa tahajia yake, lakini si haki kumfanya mtu asiyesikia.

Wala haikuwa ajabu kwamba habari za mlima zilifika pwani kwa njia ya Ukambani. Katika karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa wafanyabiashara wakubwa wa bara hiyo. Misafara yao ya pembe za ndovu iliunganisha nchi za mlimani na Mombasa, na pamoja na bidhaa yalisafiri majina. Twaweza kuongeza mfano mwingine. Wagikuyu wenyewe husema Gĩkũyũ, kwa sababu katika lugha yao kiambishi kĩ- hugeuka kuwa gĩ- kinapofuatwa na silabi inayoanza na konsonanti kama k au t. Kikamba hakifanyi hivyo; ndiyo maana jina la mji wa Kitui lina k mbele ya t. Kiswahili nacho husema Kikuyu, kwa k. Yaelekea basi kwamba hata jina la jirani hao lilifika pwani limepitia Ukambani, kama lilivyopitia huko jina la mlima wao.

4. Ushahidi wa sauti

Je, Kĩrĩnyaga na Kĩĩnyaa ni neno moja? Mfanano wa sauti peke yake hauthibitishi jambo, kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa bahati tu. Linalothibitisha ni utaratibu: tofauti inayoonekana kati ya maneno hayo mawili ionekane vilevile katika maneno mengine yenye asili moja.

Tuanze na konsonanti r. Penye r katika Kigikuyu, na l katika Kiswahili, Kikamba mara nyingi hakina konsonanti:

Kigikuyu kĩrĩma, Kikamba kĩĩma, Kiswahili kilima.
Kigikuyu kũrĩma, Kikamba kũĩma, Kiswahili kulima.

Sasa tutazame konsonanti g:

Kigikuyu mũgeni, Kikamba mũeni, Kiswahili mgeni.
Kigikuyu mũgũnda, Kikamba mũũnda, Kiswahili mgunda, neno la zamani lenye maana ya shamba.

Kikamba kimeziangusha konsonanti hizi mbili katika mazingira ya namna hii, na irabu zilizobaki zimekutana. Tukichukua neno Kĩrĩnyaga tukaondoa r na g kwa kanuni hizohizo, Kĩrĩ- hutoa Kĩĩ-, na -nyaga hutoa -nyaa. Jumla yake ni Kĩĩnyaa. Hakuna sauti hata moja iliyobaki bila maelezo. Kĩrĩnyaga na Kĩĩnyaa ni neno moja katika lugha mbili za ukoo mmoja, kama kĩrĩma na kĩĩma walivyo neno moja. Hakuna anayesema kwamba kĩĩma ni kĩrĩma kilichoharibiwa. Basi hakuna sababu ya kusema hivyo kuhusu Kĩĩnyaa.

5. Swali la irabu

Hata hivyo yuko atakayeuliza: ikiwa Wakamba husema Kĩĩnyaa, irabu e ya Kenya ilitoka wapi? Kwa nini hatusemi Kinya?

Kikamba na Kigikuyu zina irabu saba, nasi katika Kiswahili tunazo tano. Irabu inayoandikwa ĩ si i ya Kiswahili wala si e ya Kiswahili, bali inakaa kati ya hizo mbili. Msikilizaji ambaye lugha yake haina nafasi hiyo hulazimika kuchagua upande. Ushahidi wa uchaguzi huo umetapakaa katika ramani ya nchi yetu. Kĩambu imekuwa Kiambu, na Thĩka imekuwa Thika, kwa i. Lakini jina ambalo Wameru hulitamka Mĩĩrũ limekuwa Meru, kwa e, na Nyĩrĩ imekuwa Nyeri. Jina Kenya limeingia katika kundi hili la pili.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni wa mwandishi ambaye hakuna awezaye kumwita mgeni. Katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, Jomo Kenyatta aliandika jina la mlima kuwa Kere-Nyaga. Huyu alikuwa Mgikuyu, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kigikuyu *Mũigwithania* mwaka 1928, naye penye ĩ ameweka e mara mbili. Kama e ya Kere-Nyaga si kosa, e ya Kenia haiwezi kuwa kosa.

Tukumbuke pia kwamba Krapf alizaliwa na Kijerumani, na e ndefu ya Kijerumani inakaribiana sana na ĩ ya Kikamba. Kwa hiyo alipoandika Kenia, Mjerumani mwenzake aliyelisoma jina hilo alitamka sauti isiyo mbali na ile iliyosikika Kitui. Tatizo lilianza pale jina lilipoingia mikononi mwa Waingereza, ambao herufi hiyo katika nafasi hiyo huisoma kama i ndefu. Ndipo lilipotokea tamko la Kiinya, lililotawala katika ofisi za serikali ya kikoloni na ambalo liliachwa taratibu baada ya uhuru wa mwaka 1963. Matamshi hayo ndiyo ya kigeni kweli, lakini tahajia siyo.

Hapa kuna jambo la kupendeza kwa mwanaisimu linganishi. Katika maneno tuliyoyarithi pamoja, ĩ ya Kigikuyu na Kikamba hulingana na i ya Kiswahili: kĩrĩma na kilima, kũrĩma na kulima. Lau jina hili lingekuwa urithi wa Kiswahili tangu kale, tungelitarajia i. Kuwako kwa e kunatuonyesha kwamba Kiswahili hakikulirithi neno hili bali kililipokea, baada ya irabu zake kuwa tano. Urefu wa irabu nao umepotea: Kĩĩ- imekuwa Ke- na -nyaa imekuwa -nya, mkazo ukaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo desturi yetu. Matokeo yake ni neno la silabi mbili lisilo na ugeni wowote kinywani, ambalo kwalo tumeunda Mkenya, Wakenya, Ukenya na kadhalika.

6. Maana ya nyaga

Tukigeukia maana, sehemu ya kwanza ya jina imefasiriwa kwa njia mbili. Wapo wasemao kwamba Kĩrĩ- ni kifupi cha kĩrĩma. Wengine huigawa kuwa kĩ-, kiambishi cha ngeli ya kĩrĩma, na -rĩ, kitenzi cha kuwa, kilicho ndugu wa -li tunayoiona katika kilicho na aliye. Kwa fasiri hii ya pili Kĩrĩnyaga ni kile kilicho na nyaga. Kwa Kiswahili cha kawaida, chenye nyaga. Sisi twaipendelea fasiri hii, kwa sababu ile ya kwanza yatulazimisha kuiangusha silabi -ma bila kanuni yoyote, ilhali neno kĩrĩma lenyewe limebaki zima katika lugha.

Na nyaga ni nini? Katika Kigikuyu nyaga ni mbuni, na katika Kikamba nyaa ni mbuni vilevile. Mbuni dume ana mwili mweusi na manyoya meupe mabawani na mkiani. Mtu aliyesimama Ukambani au Ugikuyu akautazama mlima, aliona mwamba mweusi uliopigwa mistari ya theluji na barafu. Mfanano ulikuwa mbele ya macho, na kwa wafugaji na wawindaji wa nyika ndege huyo hakuwa mgeni.

Fasiri nyingine husema kwamba nyaga ni weupe au mng'aro. Hii inategemezwa na mojawapo ya majina ya Mungu katika Kigikuyu na Kiembu, Mwene Nyaga, ambalo wengi hulifasiri kuwa Mwenye Mng'aro. Hatuoni kwamba fasiri hizi mbili ni maadui. Manyoya ya mbuni yalithaminiwa kwa weupe wake, na si ajabu katika lugha yoyote jina la kitu chenye sifa iliyo dhahiri litumike kwa sifa yenyewe.

Hapa ndipo majina ya jirani yanapotusaidia. Kĩrĩmaara cha Kimeru hueleza mlima wenye madoa au mabaka meupe. Keri ya Kimaasai ni sifa ya kitu chenye mistari au madoadoa ya rangi mbalimbali. Hivyo Ol Doinyo Keri ni mlima wa madoadoa. Kimaasai si lugha ya Kibantu, na jina lake la mlima halikutokana na Kĩrĩnyaga wala Kĩrĩnyaga halikutokana nalo. Hata hivyo wenye majina hayo waliona kitu kimoja na kukieleza kwa sifa moja: kuchanganyika kwa weusi na weupe. Shahidi wa ukoo mwingine anapotoa habari ileile, ushahidi hupata nguvu.

Fasiri za mitaani nazo zisipuuzwe, ijapokuwa zisichanganywe na asili. Iliyo mashuhuri kupita zote ni ile ya Kenya-taa, yaani taa ya Kenya, iliyoenezwa na Waswahili kwa heshima ya rais wa kwanza. Ni mchezo mzuri wa maneno, nao watuonyesha jinsi Kiswahili kinavyoweza kulimiliki jina. Asili yake, hata hivyo, ni nyingine. Kenyatta, aliyezaliwa Kamau wa Ngengi, alilipata jina hilo kutokana na kinyata, ukanda wa shanga wa Kimaasai aliokuwa akiuvaa katika ujana wake. Jina la mtu na jina la nchi yana vyanzo mbalimbali, yakakutana katika historia.

7. Kutoka mlima hadi nchi

Huko Ulaya habari za Krapf na Rebmann zilipokewa kwa kejeli. Mwanajiografia W. D. Cooley wa Uingereza, ambaye hakuwa amefika huku, alikana kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Joseph Thomson aliuona mlima mwaka 1883, Teleki akapanda miteremko yake mwaka 1887, na mwaka 1899 Halford Mackinder pamoja na wenzake wawili walifika kileleni. Mackinder alivipa vilele vitatu majina ya viongozi wa Kimaasai: Batian, Nelion na Lenana. Hivyo mlima ukabeba jina la Kikamba chini na majina ya Kimaasai juu, nao Wagikuyu, Waembu na Wameru wakaendelea kuuita kama walivyouita tangu zamani.

Nchi yenyewe haikuwa na jina hili. Tangu mwaka 1895 iliitwa kwa Kiingereza Himaya ya Afrika ya Mashariki, jina la mahali pasipo na mwenyewe. Mwaka 1920 sehemu ya bara ilifanywa koloni na kupewa jina la mlima, na ukanda wa pwani, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukaitwa Himaya ya Kenya. Uamuzi huo ulikuwa wa wakoloni, nasi hatuna sababu ya kuupamba. Lakini neno walilolichagua hawakulitunga wao. Wananchi walipoingia katika uhuru tarehe 12 Desemba 1963 hawakuhitaji kulitupa, kama ilivyobidi kwa majina mengine ya kikoloni, kwa sababu lilikuwa lao tangu mwanzo.

Umbo la Kigikuyu nalo halikupotea. Kirinyaga ni jina la mojawapo ya kaunti 47 zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2010. Kwa hiyo neno moja la kale limetoa majina mawili katika ramani moja: kwa kinywa cha Wakamba limekuwa nchi, na kwa kinywa cha Wagikuyu limekuwa kaunti ndani ya nchi hiyo.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba jina Kenya lilitoka Ukambani, kwamba Kĩĩnyaa na Kĩrĩnyaga yanalingana sauti kwa sauti, kwamba e yake ni njia mojawapo ya kuandika ĩ, iliyotumiwa hata na Wagikuyu wenyewe, na kwamba maana yake imeshuhudiwa na lugha za koo mbili. Anayefundisha asili ya jina hili hana budi kuanza na Kikamba.

Limebaki jambo moja ambalo si la wanaisimu peke yao. Tangu mwanzo wa karne ya 20 mlima huu umepoteza zaidi ya tisa ya kumi ya barafu yake, na iliyobaki inaendelea kupungua. Weupe uliowafanya Wagikuyu na Wakamba wamkumbuke mbuni, Wameru waone mabaka na Wamaasai waone madoadoa, unaondoka. Watakuja watoto watakaoutazama mlima na kuona mwamba mtupu, na wakiambiwa kwamba jina la nchi yao ni habari ya weusi uliochanganyika na weupe, itawabidi waamini neno bila kuona. Wakati huo ushahidi utakuwa katika lugha tu. Ni wajibu wetu kuziandika fasiri za wazee wa pande zote za mlima, kwa lugha zao na kwa irabu zao saba, wangali wapo watu walioiona nyaga kwa macho.